Pikapu Iliyokohoa Kama Mume Wangu

Mwanangu, kila nikisikia gari likikohoa mlimani, hata leo, mkono wangu hutafuta kitu cha kushika, na siku moja ya zamani hunirudia nzima nzima, na ukungu wake.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa kijana, mjane mpya. Mume wangu alikuwa mwalimu. Serikali ilimtoa kwetu Kindu ikamleta kufundisha Butembo, nami nikamfuata nisijue Kinande, lugha ya huko, zaidi ya salamu. Ugonjwa wa kifua ukamshika. Alikohoa miezi mingi: kifupi, kifupi, halafu kirefu, halafu kimya. Nami nilikuwa nikilala macho wazi nikingoja kusikia kama pumzi itarudi. Mwisho haikurudi. Watu wa kanisa walinizikia vizuri, siwezi kusema vingine. Lakini mgeni ni kuku mweupe, mwanangu. Hata ajifiche wapi, anaonekana. Nikaamua kwenda Beni, mtaa wa Mulekera, kwa dada yangu. Nguo za marehemu na viatu vyake vya shuleni nilivifunga katika kitenge kimoja, nikapanda pikapu.

Dereva alikuwa Papa Paluku, shemasi, mtu wa maneno machache. Nyuma tulikaa juu ya magunia ya maharage ya Musienene, mimi na wanawake wa soko, pamoja na mwenye maharage, mfanyabiashara aitwaye Kasereka. Yeye ndiye aliyeniuliza furushi lina nini. Nikamwambia kweli, kwamba ni nguo za marehemu, hata hazijafuliwa, maana sikuona sababu ya kuficha. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akavuta miguu yake pembeni.

Tulitoka Butembo vizuri. Mbele kidogo, mlima ulipoanza, gari likakohoa. Kifupi, kifupi, halafu kirefu. Likazimika.

Kikohozi kile nilikuwa nakijua.

Papa Paluku alingoja, akawasha, likawaka bila shida. Akaenda polepole, likakubali. Akakanyaga mafuta ili apande, likakohoa tena vilevile, likafa. Likapumzika, likawaka. Ikawa hivyo asubuhi yote: likienda mwendo wa mtu mwenye mzigo, linaenda, likitaka kukimbia, linakufa. Wakati wa vita, mwanangu, kila mtu alitaka kukimbia.

Hivyo tukaingia katika kijiji kimoja cha njiani kwa mwendo wa maiti. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya paa. Milango ilikuwa wazi, yote. Kiatu kimoja cha mtoto katikati ya barabara. Mbele ya nyumba moja sufuria ya maharage ilikuwa bado inachemka juu ya moto, na mwiko umelazwa juu ya jani, kama vile mpishi amekwenda kuchota maji. Hapakuwa na mtu. Hata kuku hakuwepo. Tulijua maana yake: wenyeji walisikia habari wakakimbia, na kilichowakimbiza kilikuwa bado hakijafika, au kilikuwa kimeshafika kinatutazama.

Papa Paluku akakanyaga mafuta. Gari likakohoa likazimika palepale, mbele ya kanisa.

Kimya kile sitakisahau. Nilisikia maharage yakichemka. Kisha pembeni ya kanisa, pale walipotundika rimu ya gurudumu iwe kengele, tukasikia mlio mmoja: ngaaa! Mmoja tu. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mtu. Rimu ilikuwa inatikisika kidogo kidogo, halafu ikatulia.

Kasereka alisimama juu ya magunia yake.

"Mumesikia? Ni ule mufu! Bwana yake anatuvuta nyuma. Hapana kushika njia na nguo za mufu ambazo hazijafuliwa!"

"Ashuke," akasema mwanamke mmoja. Mwingine akaitikia kwa Kinande, na sikuhitaji mkalimani.

Kasereka akaendelea: "Ashuke na furushi yake, sisi tuende. Mais Papa Paluku, unangoja nini? Tufe hapa kwa sababu ya mutu mumoja?"

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwaambia wao. Nilikuwa ninaamini kama wao. Kushinda wao, kwa sababu wao hawakukijua kikohozi cha mume wangu. Nilijisemea: ni yeye, hataki niende, ananiita nibaki naye. Basi kabla mtu hajanigusa, nilichukua furushi langu nikashuka mwenyewe. Nikaanza kutembea kuelekea ile nyumba yenye sufuria. Miguu ilikuwa myepesi, mwanangu, na huo wepesi ndio unaonitisha mpaka leo. Niliuona mlango, na ndani yake giza, na nikaona kama giza lile limenitayarishia kiti.

"Madame!"

Papa Paluku alikuwa ameshuka. Hakupaza sauti.

"Madame, rudia hapa karibu na gari. Mu gari yangu, mutu anashuka wakati mimi nasema. Na mimi sijasema."

"Papa, ni mume wangu," nikamwambia. "Alikuwa anakohoa hivi hivi."

Alinitazama kwa huruma, kisha akamgeukia Kasereka. "Wewe unasema ni mufu. Tangu lini mufu anafufuka kila akipumuzika? Hii gari iko na uhai. Ikikaa, inapumua muzuri. Ikikimbia, inakosa kitu. Donc tutafute inakosa nini. Munyamaze, nataka kusikia."

Akafungua boneti. Alitazama chujio la hewa, lilikuwa safi. Alishika nyaya moja moja, zilikuwa zimekazwa. Kisha akalegeza mpira unaoleta mafuta kwenye injini. Mafuta yakatoka tone, tone, halafu yakakoma, na sisi tulijua tangi limejaa. Papa Paluku akainua kichwa. Alizunguka taratibu mpaka ubavuni, penye mdomo wa tangi, akainama. Kifuniko chenyewe hakikuwepo. Palikuwa na kizibo cha plastiki kilichofungwa kwa nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka.

Akaukata ule mpira wa baiskeli kwa kisu, akavuta kizibo.

Tangi likavuta pumzi.

Haaaah! Pumzi ndefu, kama ya mtu aliyezama aliyetoa kichwa juu ya maji. Wanawake walipiga kelele. Mmoja aliruka kutoka juu ya magunia akaanguka magotini. Papa Paluku hakushtuka. Alirudi mbele, akatuonyesha: mafuta yalikuwa yanatiririka kutoka katika ule mpira wa injini kama mkojo wa ng'ombe.

"Tangi inatoa mafuta, lazima iingize hewa," akasema. "Muliiziba pua. Nani alifunga hii kitu?"

Kasereka akajibu akitazama viatu vyake: "Kifuniko kilipotea jana. Niliogopa mafuta itamwangikia maharage yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na mara nyingi si nguo za marehemu. Papa Paluku hakumtukana. Alitoboa kizibo kwa msumari, akakirudisha, akaukaza tena ule mpira wa injini, akanifungulia mlango wa mbele nikae kando yake. Akakanyaga mafuta, na gari likatoka pale likinguruma kama mnyama aliyefunguliwa. Hatukutazama nyuma. Ile rimu ya kanisani nani aliigonga, sijui. Nimeuliza wengi, sijapata jibu, na nimejifunza kuishi na jambo nisilolijua bila kulitafutia mtu wa kulibeba.

Beni tulifika jua likiwa bado juu. Nilimshukuru Papa Paluku kwa neno la kwao, "Wasingya," akacheka kwa jinsi nilivyolitamka. Kasereka mwenyewe alinishushia furushi langu, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Basi shika haya, mwanangu. Jambo likikwama, usianze kwa kuuliza ni nani. Uliza ni nini, na uliza ukiwa umenyamaza. Hofu haipendi kutafuta, inapenda kupata, na anayepatikana upesi ni mgeni, ni mjane, ni yule asiyejua lugha. Ukiwa wewe ndiye mwenye usukani siku hiyo, usimshushe mtu njiani.

Na kama siku hiyo mgeni ni wewe, nisikilize zaidi. Sauti nyingi zikikuambia kosa ni lako, moyo wako mwenyewe utaitikia nazo, na miguu itakuwa myepesi. Usishuke. Ngoja kwanza boneti ifunguliwe.

Mungu, ambaye watu wa milima ile humwita Nyamuhanga, akutie pumzi kila unapopanda. Akukutanishe na mtu wa kukuita urudi, na akufanye mtu huyo kwa wengine. Enda salama, ufike mchana.