Nyani kaja darasani, mbwa wametulia tuli

Leo nyani kaingia darasani kwangu na HAKUNA MBWA ALIYEBWEKA!

Kwa wasiojua, hapa Mikumi nafundisha mbwa wakorofi, wale wanaorukia kila kinachopita.

Tuko uwanjani, mbwa wamekaa na kamba zao, wenye mbwa wanatazama pembeni, mara dume la nyani likatoka vichakani. Moja kwa moja kwenye mfuko wangu wa dagaa, zawadi ya mbwa wanaotulia.

Nikajua leo ni vita.

Bosi, mbwa wa Mama Asteria, aliyewahi kunichania suruali kisa kuku (!), akamtazama nyani. Halafu akageuka, akanitazama mimi. Vilevile nilivyomfundisha! Akakaa!

Jamani, niliruka kama nimefunga bao. Nyani naye anatafuna dagaa, hana habari.

Mama Asteria peke yake hakupiga makofi.

"Mama, umemwona Bosi?"

"Nimemwona. Sasa mwalimu, mahindi yangu kule Kisanga yanaliwa na nani kama si nyani? Bosi namfuga awafukuze."

Wenye mashamba, nyie mngemjibu nini?

Maana aliendelea: "Ukimaliza kushangilia, mwanangu, nirudishie Bosi wangu mkorofi."