Pamba Ndani ya Chupa

Mwaka ule wa korona, dawa za virusi vya ukimwi ziliwafikia wagonjwa wetu kwa mikono ya watu tuliokuwa tumewafukuza.

Siku yangu ya kwanza kazini, zahanati yetu karibu na Sosiot ilikuwa imemezwa na ukungu, mpaka ungedhani inaelea juu ya majani chai. Daktari, mkubwa wangu, alinikabidhi rejista. "Sista, kila mwanaume alete bibi yake apimwe. Asiyemleta, asipewe dawa."

Nilitii miaka mingi. Kisha Kipkirui, fundi cherehani wa Kapsoit, akanijibu polepole: "Sista, mimi napenda wanaume. Nilete nani?"

Nilifunga rejista. Hakurudi, wala wenzake. Wakawa wanachukua dawa mjini kwa zamu, mmoja akiwabebea wote.

Korona ilipokuja, watu waliogopa foleni. Rejista ikajaa difolta, yaani waliokatiza dawa. Asubuhi moja Kipkirui akatokea, amevaa barakoa aliyoshona mwenyewe.

"Sista, bado unamngoja bibi yangu?"

Alicheka. Mimi nilitazama chini.

"Kupelekeana dawa tumezoea," akasema. "Tutawapelekea wote. Lakini muandike hapo ukutani: hapa hakuna anayeulizwa analala na nani."

Daktari akashtuka. "Hiyo nitaisoma na sauti gani mbele ya kamati ya zahanati?"

"Ile ile ya kutufukuza, daktari."

Karatasi ikabandikwa. Kipkirui alitufundisha kujaza pamba ndani ya kila chupa, vidonge visilie. "Chupa ikicheka njiani, kijiji kizima kinajua." Wenzake walizibeba ndani ya vikapu vya chai, chini ya majani mabichi, kama watu wanaoenda kupima chai yao kwenye senta ya kuuzia. Niliwaona wakipotea kwenye kijani kile, kimya, kama ndoto.

Chupa moja Kipkirui aliijaza pamba mwenyewe kila mara. Ilikuwa ya mama yake. Kipkirui ndiye aliyemleta kupimwa, kabla mama hajamfukuza nyumbani. Lakini kuipeleka, alimtuma mwenzake.

Sasa nimestaafu. Karatasi ingali ukutani, imegeuka rangi ya chai. Kila Jumapili baada ya ibada, mama yule hunishika mkono: "Sista, ule mwaka nani alikuwa ananifungia dawa? Nataka nimpikie chai."

Siri ya mgonjwa haitoki kwangu, wala ya Kipkirui. Nilimuuliza kama naweza kumtaja kwa mama yake. Aliendelea kukanyaga cherehani.

Bado hajanijibu.