Barafu ya Bwana Apolinary

Apolinary Masatu alikuwa mtu wa kudharau watu, na tusimpambe kwa sababu tu ameshafariki. Aliwadharau wavuvi kwa harufu yao na walimu kwa chaki yao, na wafanyabiashara wa Musoma mjini aliwadharau jumla jumla. Kwa miaka kumi na sita alikaa kwenye chumba kimoja karibu na bandari, koti jeupe limepigwa pasi hata ile miaka ambayo sabuni ilipatikana kwa foleni. Kazi yake ilikuwa kuwachoma wasafiri sindano ya homa ya manjano, kisha kuwagongea mhuri kwenye kile kitabu kidogo cha njano ambacho bila hicho pale Sirari huvuki kwenda Kenya.

Lakini sindano yake huipati hivi hivi. Kwanza ilikuwa lazima uketi kwenye benchi usomeshwe. Ungesikia jinsi watu wa kule Amerika walivyokufa zamani wakitapika vyeusi, macho ya njano kama bizari, huku madaktari wenye ndevu zao wakichoma moto mashuka ya marehemu na kugombana juu ya hewa chafu. Akatokea daktari mmoja Kuba akasema ni mbu. "Wakamcheka!" Apolinary alikuwa akisema hapo, na kukutazama kama vile wewe ndiye uliyecheka. "Miaka karibu ishirini, wasomi wazima, wanacheka!" Mpaka wenzake wengine walipojitoa waumwe na mbu makusudi, na mmoja wao akafa, ndipo wakubwa wakakubali, mapipa ya maji yakafunikwa na miji ikapona. Baadaye vijidudu vikatolewa kwenye damu ya mtu mmoja wa Afrika Magharibi, "Mwafrika mwenzenu, na hamumjui hata jina," vikakuzwa na kukuzwa tena mpaka vikaishiwa nguvu, na chanjo yake ikaja kutengenezwa ndani ya mayai ya kuku.

Hadithi ilikuwa ya kweli na aliisimulia vizuri, hilo simnyimi. Ila yeye aliipenda kwa sababu moja: kwamba dunia imejaa wajinga na wachache wanaojua, na katika hao wachache alikuwa amejihesabu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Halafu kulikuwa na ile kanuni yake. Chanjo ilikuja kama unga mkavu, kichupa kimoja watu kumi, na ukishaichanganya na maji yake lazima iishe ndani ya saa moja, inayobaki unamwaga. Kwa hiyo Apolinary hakufungua kichupa mpaka benchi limepata watu kumi. Mkiwa tisa mnarudi nyumbani. "Tisa si kumi," anasema, na anaendelea kusoma gazeti lake la juzi. Mwanaamina, mke wa Salum muuza mitumba, alipanda gari kutoka Bunda mara tatu na mtoto mgongoni, na mara zote tatu alirudishwa.

Mumewe Salum hakuwa na subira ya namna hiyo. Zilikuwa zimeingia enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake, mitumba inafuatwa Kenya kila wiki, na gari halimngojei mtu. Akaja siku moja akamwinamia Apolinary sikioni. "Bwana Afya, nigongee tu mhuri, sindano utanichomaga nikirudi."

Apolinary alimsimamisha mbele ya benchi zima. "Mhuri hauzuii mbu!" alifoka. "Mtazameni huyu. Anataka kumwonyesha mbu kitabu!" Watu wakacheka, Salum akatoka kichwa chini, na jioni hiyo hiyo akanunua mhuri kwa tapeli mmoja asiyejua hata sindano inashikwa upande gani. Wangapi walifanya kama yeye, Mungu ndiye anajua.

Basi mwaka tisini na tatu redio ikatangaza kwamba homa ya manjano inaua watu Kenya, upande wa Baringo. Na Ursula, binti wa mwisho wa Apolinary, alikuwa anakwenda huko huko, Eldama Ravine, kumsaidia shangazi yake Boke kuendesha hoteli. Baba hakutetereka. Alikuwa amemchoma mwenyewe, kwa mkono wake, na alilieleza benchi jambo hilo kila asubuhi bila kuulizwa.

Jumanne moja Dorkas, mfagiaji, alikuwa anapiga deki. Akauliza kwa wema kabisa, "Bwana Afya, Ijumaa hii vile vichupa tutaviweka wapi? Maana kabati limevunjika mguu."

"Vichupa gani?"

"Si hivi vya sindano? Vinakaaga juu ya kabati mpaka Jumapili. Bwana Danford akiletaga sangara wake friji linajaa. Mimi nilijuaga unajua."

Danford alikuwa mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni na asiyeandika kitu. Tangu viwanda vya samaki vianze kununua sangara, miaka miwili nyuma, naye alikuwa amegeuka mchuuzi. Na Apolinary, mjuzi wetu, kila Ijumaa mchana alikuwa anaondoka kwenda Mugango kutazama mihogo yake. Jumatatu anakuta friji lina baridi nzuri, anasoma kipimo, anaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa kupendeza. Harufu ya samaki aliisikia sana. Alidhani ni Dorkas.

Aliingia ofisini kwa Danford akamuuliza habari za sangara. Danford hata hakukana.

"Sasa wewe, samaki anaharibika," alisema. "Dawa yako ni unga. Unga unaharibikaje? Kwani unga wa ugali nyumbani kwako unauwekaga kwenye friji?"

Huyo ndiye mkubwa tuliyepewa. Na msidhani alifukuzwa. Mwaka uliofuata alihamishiwa wilaya nyingine kwa cheo kikubwa zaidi.

Miaka miwili mizima, basi, Apolinary alikuwa amewachoma watu unga uliopikwa na joto la Musoma. Watu zaidi ya mia mbili, wote wamesomeshwa na kugongewa mhuri halali, na Ursula mmoja wao. Alivitupa vichupa vyote, akapanda basi la Mwanza, na Alhamisi asubuhi akarudi na kichupa kimoja tu, kimelala kwenye barafu ndani ya chupa ya chai. Kwa ajili ya tishio la Kenya chanjo ilikuwa inagombaniwa, na hakupewa kingine. Ursula alikuwa anasafiri baada ya siku kumi tu, na chanjo inahitaji siku kumi ili ishike. Ilikuwa leo au basi. Alipomwambia binti asubiri kichupa kingine, Ursula alimjibu kwamba kitabu anacho, mhuri upo, na shangazi anamngoja.

Angeweza kukifungua kwa ajili ya mwanawe peke yake na kumwaga ya watu tisa. Nani angemuuliza, Danford? Alikitoa kwenye barafu, akakirudisha. Mwisho akavua lile koti jeupe, akaenda sokoni kutafuta watu tisa. Hapo nampa heshima yake, ndogo kama ilivyo.

Akapita meza kwa meza akisema jambo ambalo mdomo wake haukuwa umelizoea: kwamba sindano zake zilikuwa zimekufa, warudi wachomwe upya. Watu walimtolea vitabu vyao. "Sahihi si yako hii, Bwana Afya?" Akawaambia mhuri hauzuii mbu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alichekwa na soko zima, na mara hii hakukuwa na daktari wa Kuba wa kujificha nyuma yake. Alipata Marieta wa dagaa, wanunuzi wawili wa dhahabu kutoka Buhemba, mwalimu mmoja wa safari ya Kisumu, na madereva wawili. Dorkas, asiyekuwa na safari yoyote, akaja kwa huruma. Pamoja na Ursula, wanane.

Akabaki Salum, siku hiyo ametandaza mitumba yake Musoma, na Mwanaamina kando yake anakunja suruali.

"Kwa hiyo zilikuwa hazifai kitu?" Salum aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Hazikufaa."

"Na yule aliyeniuzia mhuri?"

"Yule ni tapeli."

"Sawa. Lakini yule hakunitoboa."

Soko likalipuka. Apolinary alisimama jua linampiga. "Nimekosa," alisema. Kisha akamgeukia Mwanaamina. "Na wewe nilikurudisha mara tatu. Leo tuko wanane, mama. Nakuomba."

Mwanaamina ndiye aliyeinuka kwanza. Salum alinung'unika, akafunika nguo zake na turubai, akafuata.

Wakaketi kwenye benchi kumi kamili. Hapakuwa na darasa siku hiyo. Salum alikunja mkono wa shati, lakini Apolinary alipomsogelea akaurudisha mkono nyuma. "Nionyeshe barafu kwanza."

Zamani angetupwa nje. Apolinary akafungua chupa ya chai. Salum akachungulia, akatia kidole, akakishika kipande kidogo kilichobaki mpaka kikamuuma kwa baridi. "Haya, choma." Mwanaamina naye akataka kuona, na Marieta, na wale wa Buhemba, na Dorkas, mmoja mmoja, na kila mmoja alifunguliwa chupa.

Wa mwisho alikuwa Ursula. Baba yake alishika mkono wake, akaupangusa kwa pamba, akainua sindano. Binti hakumtazama usoni. Alikuwa anaitazama ile chupa.

"Baba," alisema taratibu, "na mimi nionyeshe."

Apolinary akaiweka sindano chini, akamfungulia.