Shavu la Kupimia Ngozi

Marehemu mke wangu alipima ngozi kwa shavu. Mafundi wengine wa viti huipapasa ngozi kwa kiganja wakajua kama imekauka, lakini viganja vyake viliota sugu tangu usichana, havikusikia kitu. Basi aliikunjua ngozi mezani, akafumba macho, akalaza shavu la kulia juu yake kama mtu anayetafuta usingizi. "Bado," alisema. Au, "Haya, lete kiti."

Mimi nilichonga fremu, yeye akawamba ngozi, na karakana ilikuwa chumba chetu cha mbele. Nilimtania kwamba ng'ombe wanalipata shavu lake kuliko mimi.

"Ng'ombe hawakoromi," alinijibu.

Mdomo ule haukujua likizo. Naukumbuka mpaka leo.

Mwaka mmoja ngozi ziliadimika. Muuza ngozi wetu, bingwa wa maneno matamu, akatuletea furushi la bei ya kutupa. Tulipomuuliza zimetoka wapi, aliapa kwa roho ya mama yake kwamba ng'ombe wale wamechinjwa, hawakufa kibudu. Mke wangu akalaza shavu kama kawaida, ukingo mkavu ukamkwaruza. Akajifuta kwa upindo wa gauni, akaendelea na kazi.

Baada ya siku chache pale pakatoka kipele cha kuwasha. Tukamsingizia mbu. Kipele kikawa lengelenge, lengelenge likapasuka, pakabaki kidonda chenye gaga jeusi tii katikati, na uso ukavimba mpaka jicho likafumba. Cha ajabu, hakikuuma hata kidogo.

"Twende hospitali, mke wangu."

"Nikawaambie nini? Kitu chenyewe hakiumi! Kikiuma nitakwenda."

Ndivyo tulivyozoea watu wa karakana. Kisu kikikukata, kama hakuna maumivu unafunga kitambaa unaendelea. Kipimo hicho nusura kimuue. Asubuhi moja alishindwa kumeza chai, uvimbe umeshuka shingoni, homa inamtetemesha. Sikumbembeleza tena. Nilimbeba mgongoni hadi hospitali, na njia nzima hakunitania, nikajua mambo yameharibika.

Daktari alimtazama, akauliza, "Mama anafanya kazi gani?"

"Anawamba ngozi za ng'ombe."

"Kimeta hicho," akasema, huku akimwita muuguzi alete dripu.

Alinieleza wakati wakitafuta mshipa. Vijidudu vya kimeta hukaa udongoni miaka na miaka, vimejifungia kwenye maganda magumu. Ng'ombe akivila pamoja na majani, anakufa ghafla. Ngozi yake inabaki navyo, na kwa binadamu mkwaruzo mdogo tu unatosha kuwa mlango.

"Vikishaingia vinatoa sumu inayoua nyama ya mwili," akasema. "Ndiyo maana pamekuwa peusi, na ndiyo maana hapaumi. Anayekula nyama ya mnyama huyo huumwa tumbo vibaya. Anayevuta vumbi lake hushikwa kifuani, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

"Na huu uvimbe?"

"Ukibana koo, hatapumua. Na vikienea kwenye damu, dawa inaweza isimuwahi."

Nilikaa kando ya kitanda nikisikiliza pumzi ikipita kwa shida. Niliogopa, sitaficha. Dawa ilitiririka kwenye mshipa, na mimi sikuthubutu hata kwenda kunywa maji. Siku iliyofuata alifungua jicho moja.

"Leo nakoroma mimi," akasema kwa sauti nyembamba. Nililia mbele ya wodi nzima.

Ngozi zile zilichomwa zote na maofisa wa mifugo, na muuza ngozi akayeyuka asionekane tena. Tangu hapo tulinunua za machinjioni tu, zilizokwisha kupita kwa mkaguzi. Gaga lilidondoka, likaacha kovu, na penye kovu hakusikia baridi wala joto.

"Tumia la kushoto," nikamwambia.

"La kushoto halijasomea kazi. Kaa hapa." Akanikalisha kwenye stuli, akaubandika ukingo wa ngozi kwenye shavu langu. "Ina ubaridi?"

"Kidogo."

"Basi bado."

Tulifanya kazi hivyo mpaka uzeeni, uso wake karibu na wangu, akisubiri jibu. Kiti cha mwisho alichokiwamba ninacho. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, napiga magoti nalaza shavu juu yake. Ngozi imekauka zamani. Hata hivyo namjibu kwa sauti, "Bado kidogo," asije akaondoka.