Wimbo wa Mitchel Uliofutwa

Abigail Khalayi alianza kupiga video za mazishi huko Malinya kwa sababu watu walimwomba. Alikuwa na kamera aliyoachiwa na kaka yake, na mkono wake haukutetemeka hata waombolezaji walipomwangukia. Baadaye wakamwita kwenye harusi, kisha kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali, ambako alirekodi akiwa amesimama juu ya pikapu huku wanaume wakitimua mbio pande zote. Video zote alizipandisha kwenye chaneli yake mtandaoni, halafu akafuta memori kadi apate nafasi ya kazi nyingine.

Moja kati ya video hizo ilikuwa ya bintiye, Mitchel, akiimba kanisani siku ya Pasaka. Wimbo aliutunga mwenyewe, kwa Lwidakho, lugha ya kwao. Kabla mvua za masika hazijaisha, ugonjwa wa selimundu, uliomtesa tangu utotoni, ulimchukua.

Baba yake, Chrispinus, alikuwa mkata miwa upande wa Mayoni, akirudi nyumbani Jumamosi. Mazishini hakutoa chozi. Lakini kila jioni kule kambini kwa wakata miwa alifungua video ile kwenye simu, akaisikiliza mpaka mwisho, ndipo akala.

Abigail alifanyia kazi yake kwenye kompyuta kuukuu. Kila alipofungua kivinjari ili aingie mtandaoni, kilimwambia kimepitwa na wakati, akisasishe. Naye kila mara alibonyeza "baadaye". Kusasisha kulikula bando, na bando alilihitaji kupandishia video za watu. Isitoshe, kilikuwa kinafungua kila kitu vizuri tu. Akiguse cha nini?

Asubuhi moja alikuwa akitafuta mlio wa ngoma wa kuweka kwenye video ya harusi. Tovuti aliyoifungua ikarukaruka, ikawa nyeupe tupu. Akaifunga, akaendelea na shughuli zake. Kesho yake chaneli ilikuwa na jina jingine na picha ya mzungu anayeuza sarafu za mtandaoni. Kufikia saa sita mchana, video zote zilikuwa zimefutwa.

Alibeba kompyuta hadi Kakamega mjini, kwa fundi aitwaye Kipkoech.

"Lakini paswadi yangu sijampa mtu," Abigail alimwambia.

"Mwizi hakuhitaji paswadi, mama. Kivinjari hiki kilikuwa na ufa. Wenyewe waliotengeneza waliuziba zamani, ila wewe hukuchukua kiraka. Ile tovuti ilipitia hapo, ikamfanya mwizi aonekane ni wewe."

"Hicho kiraka ndicho nilichokuwa naambiwa nisasishe?"

"Ndicho, mama."

Jioni hiyo Chrispinus alipiga simu. "Mama Mitchel, video haifunguki. Ni simu yangu ama ni mtandao?"

"Ni mtandao," alisema. Akakata simu, akaketi chini jikoni.

Jumamosi alimwambia yote. Chrispinus alikuwa bado hajavua viatu vya shambani. Alisikiliza akiinamisha kichwa.

"Hata kwa kamera haiko?"

"Nilifuta. Nilikuwa nataka nafasi ya harusi ya kina Wanjala."

Abigail alimngoja amfokee. Angemfokea ingekuwa afadhali. Chrispinus aliingia chumbani akalala na nguo za kazi, na obusuma, ugali aliomwandalia, ukapoa mezani.

Jumapili Abigail alimfuata Sellah, kiongozi wa kwaya, baada ya ibada. Akamuuliza kama kuna aliyerekodi, au anayeukumbuka wimbo ule.

"Kiitikio tunakijua sote," Sellah alisema, akimshika mikono. "Lakini beti alimfundisha nani? Aliimba yeye, sisi tukamwitikia. Pole sana, dadangu."

Abigail aliwaandikia wenye mtandao ule wa video, akaandika tena. Mwishowe wakamrudishia chaneli. Jina lilikuwa lake, na ndani hapakuwa na kitu. Watu walimjia mmoja mmoja, huyu akiulizia maziko ya mama yake, yule harusi yake. Abigail alimwomba kila mmoja radhi mlangoni, akiwa amesimama.

Siku hizi Chrispinus hasikilizi kitu kabla ya kula. Ila juzi, Abigail akianika nguo, alimsikia nyuma ya nyumba akipalilia mahindi na kuimba kwa sauti ya chini. Ulikuwa ule wimbo. Kiitikio alikiimba vizuri. Akaanza ubeti, akafika katikati, akasita, akarudia tangu mwanzo kwa namna nyingine, akasita tena palepale.

"Mama Mitchel," aliita, "hapa alikuwa akipandisha sauti ama akishusha?"

Abigail alijaribu moyoni huku, akajaribu kule. Namna zote mbili zilifanana na mwanawe.

"Sijui, Baba Mitchel," alisema. "Sikumbuki."

Nyuma ya nyumba jembe likaanza tena kusikika.