Chembe za Bwana Dresa

Wallahi, hakuna aliyeniponza ila mdomo wangu.

Mwaka ule wa kabla ya Uhuru, dresa wa zahanati alikuja Magogoni kutufunza maradhi ya macho, akasimama barazani pa duka langu.

"Wadudu wa maradhi haya ni wadogo mno," akasema. "Hujificha ndani ya chembe."

Nikashtuka. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekuta fukusi kwenye gunia la mchele, nikaupepeta kimyakimya na kuurudisha dukani.

"Humo ndani ya chembe, mmoja hujigawa akawa wawili, na katikati yao hujijengea ukuta."

Nikamtupia jicho Bi Maryamu, aliyenunua kwangu pishi nne za arusi ya bintiye. Alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko. Nikaona duka langu limekwisha.

"Bwana dresa, usiniharibie jina!" nikafoka. "Mchele wangu nimeupepeta leo, hauna fukusi hata mmoja!"

Dresa akaduwaa. "Mzee, mimi nasema chembe za mwili. Za jicho."

Bi Maryamu akajitanda buibui lake vizuri, akanigeukia taratibu.

"Ehe, Bwana Shee. Sasa tufunze wewe. Fukusi gani?"