Shemeji Alivyoukata Mto

Nimewahi kuona mto mzima ukipotea mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kazi yangu ni kutengeneza modeli za mito kwenye kompyuta: mvua hii ikinyesha, maji yatafika wapi. Miaka miwili iliyopita nilitengeneza ya bonde la juu. Mume wa dada yangu, tuko ofisi moja, akatengeneza ya bonde la chini, kisha akaziunganisha. Kwa ramani yake, nyumba sitini zikapata kibali kando ya mto.

Jumatatu bosi akaniambia niongeze modeli ya kijito kimoja. Nikafungua faili. Nikaweka mvua kubwa, nikabonyeza.

Juu, mto ukafura. Chini, matone!

Nikafuata mistari hadi pale modeli mbili zinapokutana. Weee! Maji yangu yote yalikuwa yanaelekezwa kwenye kisanduku kisicho na njia ya kutokea. Kimepewa na jina: USIGUSE.

Nikaunganisha upya. Kwenye kioo cha kompyuta, nyumba zote sitini zikazama hadi madirishani.

Nikamfuata shemeji mezani kwake. Anatafuna karanga.

"Shem, hiki nini?"

"Mwenye mradi wa nyumba alitaka ramani safi. Mvua ya hivyo haiji kila mwaka, bwana. Acha ushamba."

"Shangazi kahamia kule!"

"Nani kamlazimisha?"

Akachota karanga nyingine.

Nikatoka nje kumpigia dada. Nilijua ataumia, nikaanza kwa upole.

"Dada, kaa chini. Mumeo ameficha mto."

Akajibu kwa sauti ya mtu anayekunja nguo:

"Najua. Unadhani sisi tulikataa nyumba kule kwa nini?"

Na ndiye aliyempelekea shangazi mapazia ya zawadi. Akayatundika kwa mikono yake!

Nilitapika palepale, kwenye maegesho, watu wanatazama.

Siku hiyohiyo nilipeleka modeli iliyounganishwa sawasawa kwa wanaotoa vibali. Ujenzi umesimama, familia zimehamishwa, shemeji hana kazi. Dada anasema nimeuza ukoo.

Shangazi analala chumbani kwangu, mimi sebuleni. Hajui kuwa dada alijua. Kila jioni ananiambia nimsalimie dada, eti yule mtoto ana roho nzuri. Naitikia huku nimeuma meno.

Ndugu zangu, mkimsaka aliyefanya, mulikeni na aliyejua akanyamaza. Shemeji naweza kumsamehe siku moja. Dada? Hata sauti yake inanitia kinyaa.